Khalati, nataka kusomea patholojia lakini mama mkwe hataki mikono yangu kwenye pilau

SWALI

Asalam aleikum khalati, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa kitambo, huwa nacheka sana ukiwapa watu vipande vyao, ila leo ni zamu yangu na wallahi sicheki.

Nna miaka 27, mzaliwa wa Kisauni, na ni daktari. Si unakumbuka ule mgomo wa madaktari wa 2024, ule wa siku 56, basi mie nilikuwa mmoja wa wale walokaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali ya intanship huku mama ananiuliza kila asubuhi hii digrii inaanza kulipa lini. Alhamdulillahi nikapangiwa, nikamaliza, sasa niko hospitali ya kaunti kama daktari wa kawaida na wakati wa kwenda kusomea ubingwa umefika. Wenzangu kila mtu ana lake, huyu watoto, huyu upasuaji, huyu uzazi. Mie nataka patholojia, ile ya kutafuta ugonjwa kwenye vinyama, damu na hata maiti.

Nlipokuwa intanship, na hospitali siitaji, alikuja mama mmoja kutoka huko ndani ya Kwale ana uvimbe kwenye titi. Akakatwa kinyama cha kupima. Sasa fomalini, ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze, ilikuwa imeisha na hakuna alosema, kile kinyama kikatiwa kwenye kichupa na maji ya dripu, kikawekwa dirishani, kikakaa hapo wikendi nzima na jua letu unalijua. Jumatatu kufika labu kishaoza. Ripoti ikarudi mstari mmoja tu, sampuli haifai, rudia. Mie ndo nikapewa kazi ya kumpigia simu, nikamwambia mama inabidi urudi tukukate tena, akaniuliza, "Kwani mlikipoteza?" Sikuwa na jibu. Akakaa sana ndo akarudi, na aliporudi titi lishafunguka kidonda.

Baada ya hapo nikaanza kwenda labu saa za lanchi. Kuna mzee mmoja mwanapatholojia, hadubini yake ina macho ya watu wawili, basi akawa ananiachia upande mmoja nichungulie na yeye anaongea polepole. Siku moja akanionyesha saratani ya titi ambayo seli zake zimejipanga mstari mmoja mmoja, moja nyuma ya nyingine, akaniambia hii ukiijua hutaisahau, na kweli sijaisahau. Khalati mie sijawahi kuhisi vile wodini.

Sasa nyumbani ni vita. Mama anasema, "Nimeuza mahamri Kongowea miaka yote hiyo ili uje uwe daktari wa maiti?" Mjomba wangu ndo mcheshi, akauliza wagonjwa wako watakulipa vipi na wao washakufa, watu wakacheka mpaka chai ikamwagika, kisha akageuka akawa siriasi akaniletea mambo ya dini, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai.

Halafu kuna mchumba wangu. Yuko bandarini, kijana mzuri, posa ishakuja na mahari ishatajwa. Mamake kasikia, akasema mbele ya wanawake kwenye hitma, sikuambiwa na mtu nilikuwepo, ati mikono inayopasua maiti haitampikia yeye pilau. Mchumba mwenyewe ananiambia "mie sina shida kabisa" lakini kila tukiongea anamalizia na "kwani huwezi kuchukua ya watoto?"

Nafasi nishapata, Nairobi, miaka minne. Karo sijui itatoka wapi. Na rafiki yangu naye kanitia wasiwasi, anasema huko utakaa na vioo peke yako mpaka uwehuke, mgonjwa hatakujua hata jina, na isitoshe kompyuta zinakuja kuwachukulia kazi. Niambie ukweli khalati. Mie ni mkaidi tu ama niende?

Daktari wa Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Na pole kwa hilo la hitma, kusemwa mbele ya watu na huku umeshika sahani ya mkate wa sinia huwezi kujibu, najua joto lake.

Tuanze na pilau basi maana ndo jambo jepesi. Hivi hapa mjini akifa mwanamke anakoshwa na nani? Si mama zetu na bibi zetu, wale wazee wa mtaa wanaoitwa hata usiku wa manane, wanamwinamia marehemu wanamkamua tumbo, wanamtia karafuu maiti na udi, wakimaliza wanakunja mikono ya buibui wanaingia jikoni kwenye sufuria la matanga na sote tunakula. Sijaona hata mmoja aliyeacha kula. Tena hao ndo tunaowaheshimu, tunaombeana dua wao watukoshe. Sasa mama mkwe akirudia hilo neno, wewe usijibu, mwachie shangazi yako amuulize kwa upole nani alimkosha mamake. Wewe utie nazi.

La mjomba. Mie kabla sijaanza kuwajibu nyinyi nilikuwa mtu wa labu, miaka yangu ya ujana yote ilipita kwenye harufu ya spiriti, kwa hivyo hapa naongea kwa jeuri. Mwanapatholojia wateja wake wengi kabisa wako hai na wanataka kuendelea kuwa hai. Mtoto ana sikoseli, na pwani yetu hii inao wengi, damu yake inasomwa na nani? Uti wa mgongo umetolewa maji kutafuta homa ya ubongo, mama kachukuliwa ute wa mlango wa kizazi, mtu kaongezewa damu akaanza kutetemeka, hayo yote yana mwanapatholojia nyuma yake. Unakumbuka chanjo ya HPV kwa wasichana, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa kitaifa hapa hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe Oktoba 2019, watu wakaongea mwaka mzima ooh inafunga uzazi. Yule msichana akiwa mkubwa akapimwa akaambiwa kuna seli zimebadilika, anayesema zimebadilika kiasi gani, za kuangaliwa tu ama za kukatwa, ni huyo huyo mnayemwita daktari wa maiti. Na titi la yule mama wa Kwale, kujua ni saratani hakutoshi, lazima atokee mtu aseme seli zina vipokezi vya homoni ama hazina, kwa sababu zikiwa navyo atapewa tamoksifeni na zisipokuwa navyo ile dawa haina kazi kwake. Daktari wa saratani anangoja karatasi. Hiyo karatasi ina sahihi ya mtu mmoja.

Na hapo kwenye kinyama ngoja nikae kidogo, maana mamako hajawahi kuelezwa na nadhani angeelezwa angependa, ni mwanamke wa jikoni. Mwambie kinyama kinatiwa kwenye fomalini mara kumi ya ukubwa wake, kinakaa. Kisha kinapitishwa kwenye spiriti kimoja baada ya kingine mpaka maji yote yatoke, kinaingia kwenye zailini ya kuitoa ile spiriti, kinaingia kwenye nta ya moto, nta ikiganda unapata kitofali kidogo kama kipande cha kashata. Kile kitofali kinawekwa juu ya barafu kipoe ndo kikatwe na mashine yenye wembe, unene wa maikroni 4 hivi, unywele wako ni mnene mara kumi na zaidi ya hapo. Inatoka tepe nyembamba unaiweka ielee juu ya maji ya vuguvugu, inajinyoosha yenyewe, unaipitishia kioo chini yake taratibu unaiopoa. Umeme ukikatika Mombasa hii na eesi ikazima, nta inalegea, tepe inajikunja unaanza upya huku jasho linakudondoka. Halafu rangi mbili, hematoksilini ambayo inatoka kwenye mti wa huko Amerika ya Kati na inaingia kwenye kiini cha seli kikawa buluu ya zambarau, na eosini inapaka kilobaki pinki. Haya yote ni kazi ya watu wa labu kama mie, wewe daktari unaletewa kioo kikavu kishaandikwa namba, unakaa unaamua. Kama kinyama hakikutiwa fomalini mwanzoni, hata malaika aje hakuna cha kusoma. Kwa hivyo ukiwa mwanapatholojia nusu ya kazi yako itakuwa kupiga simu wodini kuuliza nani katia hiki kitu kwenye maji ya dripu. Utachukiwa kidogo.

Ingawa kuna siku kuchelewa kulileta heri. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya unaoua watoto wa ukanda wetu huu wa malaria. Vipande vikawa vinapelekwa London kwa ndege kutoka Kampala. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ikakumbwa na ukungu ikatua Manchester, sampuli ikafika jioni imekuwa na ukungu wake yenyewe, mtu mwingine angesema imeingia bakteria akaimwaga, lakini mtafiti wa huko London, Anthony Epstein, akatia tone kwenye hadubini akakuta ni seli za uvimbe zenyewe zimejitoa zinaelea. Wakazikuza, na 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nimekuandikia hii kwa sababu naipenda na kwa sababu mjomba anadhani mambo haya yote ni ya Wazungu kwao, kumbe kipande kilitoka kwa mtoto wa hapa jirani.

Sasa la maiti. Usije ukamdanganya mamako kwamba hutagusa maiti, maana utagusa. Kwenye mafunzo lazima ufanye upasuaji wa maiti, na ukirudi kaunti ukawa peke yako polisi watakuja, aliyekufa maji, aliyegongwa na matatu, mtoto ambaye hakuna anayejua kafa na nini. Na wewe ni mtoto wa pwani, Shakahola uliiona, ule msitu wa Kilifi walikozikwa wafuasi wa mhubiri. 2023 miili ikafukuliwa msituni mmoja mmoja, zaidi ya 400 ilipoisha, wakapasuliwa kule mochari ya Malindi na timu ya mpasuaji mkuu wa serikali, Johansen Oduor. Bila wale watu tungejua kwamba wapo waliokufa njaa na wapo waliozibwa pumzi? Tungebaki na maneno ya mahubiri. Mjomba akileta ule mfupa mwambie hakukosea, hiyo hadithi ipo na heshima ya maiti ni wajibu, ndo maana inafanywa kwa dharura, haki ya mtu ikitafutwa, na maulamaa wengi wa zama hizi wameruhusu kwa misingi hiyo. Lakini wewe si sheikh na mie pia si sheikh. Mchukue mjomba mwende pamoja kwa yule anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe, aulizwe na aliyesoma.

Na kuna jambo nashangaa hujaliandika. Akifa mwanamke wetu na polisi wakataka apasuliwe, familia inalia vitu viwili, maziko yanachelewa na mwanamume atamuona uchi. La kwanza huwezi kulimaliza ila unaweza kuamka alfajiri ukafanya kazi yako maiti akatoka kabla ya adhuhuri. La pili utakuwa umelimaliza kwa kusimama hapo tu. Hebu mwambie mamako hivyo, kwamba siku ikimfika binti wa mtu, Mungu apishie mbali, atafunikwa na mikono ya mwanamke mwenzake anayejua sitara ni nini. Usiongeze neno, mwache nalo.

Haya, nishakutetea vya kutosha, sasa nakugeukia wewe. Barua yako yote imejaa watu wengine, mama, mjomba, mama mkwe, ila rafiki yako ndo aliyekuuliza swali la maana na ukalipita mbio. Kazi hii ni ya upweke kweli. Yule mama wa Kwale atapona amshukuru daktari wa upasuaji, amletee na kuku, wewe hatakujua. Utakaa na trei ya vioo, vingine vyepesi, na kimoja kitakuwa katikati, si saratani na si salama, na daktari yuko thieta kamfungua mtu anakungoja useme kwa kipande kilichogandishwa, dakika ishirini hivi, mkono wake uko tumboni mwa mtu. Ukisema ndiyo ni saratani, wanakata sehemu kubwa. Kuna watu wazuri sana ambao hawawezi kulala na hilo. Na korti je, utaitwa kutoa ushahidi wa maiti uliyempasua kitambo, wakili anakurukia, umeandika sentimita mbili kwa nini si tatu. Kama unahitaji mgonjwa akushike mkono akwambie ahsante ndo ujihisi daktari, na hakuna aibu kuhitaji, basi mchumba wako yuko sahihi na uende kwa watoto.

Lanchi na mzee hazitoshi kujua. Chukua likizo yako ya mwaka uitumie labu, kutwa nzima, siku zile za kuchosha ambazo vioo vyote ni vidonda vya tumbo na vipande vya kidole tumbo, na uingie mochari naye asubuhi. Ukitoka bado unataka kurudi kesho yake, jibu umelipata na si mie niliyekupa. Kuhusu kompyuta, zipo zinazosoma picha za vioo na zitazidi, lakini mwenye kusaini na kusimama kortini ni mtu, na hiyo kompyuta nayo inataka kioo kilichokatwa vizuri. Mie nisingekosa usingizi kwa hilo. Hapa kwetu shida ni wanapatholojia wachache na wengi wao wako Nairobi, sampuli zinapanda basi kwenda huko zinarudi watu washachoka kungoja.

Mchumba sasa. Kijana anasema hana shida na patholojia, na mie namuamini! Angekuwa na shida na maiti angeshakuambia, wanaume wa bandarini si waoga wa maneno. Hebu soma tena ulivyoandika, harusi inakuja na wewe una miaka minne Nairobi. Huyu anaona ataoa mke wa treni ya SGR, Ijumaa anakwenda Miritini kupokea na Jumapili anasindikiza. Hilo kulisema anaona litamfanya aonekane mchoyo kwa hivyo anajificha nyuma ya "watoto", na hajui masikini kwamba ya watoto nayo ni miaka na zamu za usiku juu yake. Mwanapatholojia angalau akimaliza kusoma usiku mwingi analala kwake, hilo mwambie. Lakini kwanza mkae mzungumze Nairobi, nani anakwenda kwa nani, mimba itakuwa lini, nyumba itakodishwa wapi. Msipozungumza sasa mtazungumzia ndoani, tena kwa kelele.

Pesa ndo usilegee. Usiende kwa kujilipia karo huku umeacha kazi, nimeona watoto wa watu wakisoma ubingwa mchana na usiku wanazunguka hospitali za binafsi kutafuta zamu, wanasinzia kwenye hadubini. Wewe ushaajiriwa na kaunti, omba likizo ya masomo yenye mshahara, utasaini bondi ya kurudi kuwafanyia kazi miaka kadhaa na kwa mtu anayetaka kurudi Kisauni hiyo bondi si kifungo. Kwenye barua usijaze mambo ya wito na ndoto, waandikie sampuli ngapi hospitali yenu inapeleka Nairobi kwa mwezi na zinachukua muda gani kurudi, hesabu hiyo iko kwenye daftari la labu, mzee wako atakufungulia. Muombe na yeye akuandikie barua ya kukupendekeza. Uliza pia kuhusu njia ya COPECSA, kile chuo cha wanapatholojia cha kanda yetu ya Afrika, upate kulinganisha kabla hujajifunga na nafasi moja. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai, kwa hivyo barua iwe ishafika mezani kwao mapema na uwe na nakala yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, maana faili hupotea.